Bayogesi ya kinyesi cha ng'ombe hapa Tanga: moto nyota tano, ujenzi nyota tatu

Nianze na nyota kabisa ili mwenye haraka zake aende: moto nyota tano, mbolea nyota tano, ujenzi nyota tatu, huduma baada ya kulipwa nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni ya yule kijana wao mdogo ambaye angalau simu anapokea. Jina la kampuni silitaji, hesabu zetu hazijaisha na sitaki mambo ya kuitana kwa mwenyekiti wa mtaa, ila wanaojenga hii mitambo Tanga hii wanafanana sana, kwa hiyo ninayosema hapa yatakufaa hata ukienda kwa mwingine.

Mimi niko Pongwe huku, njia ya kwenda Muheza, nafuga ng'ombe wawili wa maziwa na ndama wao, wa bandani, majani wanaletewa hawatoki. Mwenye ng'ombe wa namna hii anajua shida sio maziwa, maziwa alfajiri yanaenda kituoni yanapimwa yanaandikwa basi, shida ni kinyesi. Kinajaa, masika ikipiga kinatiririka kwa jirani, na jirani wa Tanga ni mstaarabu lakini akishachoka anakuja na kanga yake begani "dada'angu, hebu tukae tuzungumze kidogo" na hapo ujue yamefika pabaya. Mkaa nao sina haja ya kuelezea bei yake, kila mtu anapika anajua.

Wanachouza ni ule mtambo wa kuba, unachimbiwa chini, matofali na saruji, juu kuna bomba la gesi linakuja mpaka jikoni. Ramani sio yao, ni ile ya CAMARTEC, kituo cha serikali cha teknolojia za vijijini kule Arusha, ambao wamehangaika na bayogesi toka miaka ya 80, halafu 2009 ukaanza ule mradi wa kitaifa wa bayogesi za majumbani uliofundisha mafundi mikoani, na wengi wa hawa wanaojenga sasa hivi ama walifundishwa kule ama walifundishwa na aliyefundishwa, na hapo ndo ubora unapoanza kupungua, maana fundi wa mkono wa tatu anajua kunyanyua kuba vizuri tu lakini ukimuuliza kwa nini plasta ya ndani inapigwa tabaka juu ya tabaka anakwambia "ndo inavyotakiwa mama". Wangu nilimuuliza mara ya kwanza akacheka, mara ya pili akaenda kula.

Mtambo wa mita za ujazo 6 ulinigharimu milioni mbili na ushee. Mchanga na kokoto juu yangu, wachimba shimo juu yangu na chakula chao, wao wanaleta fundi, saruji, mabomba, koki na jiko la pleti mbili. Sio hela ndogo na asikudanganye mtu kwamba inarudi ndani ya miezi miwili.

Siku ya kujaza sio siku ya kupika, hilo walilisema kwa sauti ndogo sana. Unajaza kinyesi na maji, ndoo kwa ndoo, halafu unasubiri wiki kadhaa vile vijidudu vinavyotengeneza gesi humo vizoee, na gesi ya mwanzo haiwaki kabisa kwa sababu imejaa hewa ukaa na hewa ya kawaida, inabidi uiachie ipite. Hapo kwa joto la Tanga tumebahatika, vijidudu hivyo vinapenda nyuzi joto 35 hivi, wenzetu wa Lushoto kule kwenye baridi mambo yao yanakwenda polepole, kinyesi kile kile gesi kidogo.

Sasa moto. Jamani moto! Bluu, umetulia, hauna moshi, sufuria haina masizi hata chembe, nimesahau kabisa habari ya kusugua masufuria kwa majivu. Maharage ya nazi, wali, mchuzi wa samaki, chai ya watoto wa shule asubuhi, vyote vinaiva. Kilo moja ya kinyesi kibichi inatoa kama lita 40 za gesi, ng'ombe wawili wa bandani ukizoa vizuri unapata kilo 30 kwa siku bila shida, hizo ni lita 1,200 hivi, na pleti moja inakula kama lita 350 mpaka 400 kwa saa, kwa hiyo una masaa matatu ya moto wa pleti moja kwa siku. Familia ya kawaida inapika ikamaliza ukijipanga. Ukiwa na mgeni wa kuchemsha makongoro yeye na pleti yake toka saa nne asubuhi, haitoshi, washa mkaa.

Jiko lenyewe la bayogesi ni la bayogesi, usijaribu kuunga lile la mtungi. Gesi ya mitungi ni propani na butani, inatoka kwa presha kubwa kwenye tundu dogo, hii yetu ni methani, ndo hewa yenyewe inayowaka, kama asilimia 60 na iliyobaki karibu yote ni hewa ukaa, presha yake ndogo, inataka tundu pana. Kuna mafundi wanakuja na jiko la dukani wamelitoboa kwa msumari wanakuuzia bei ya jiko la bayogesi, moto unatoka wa njano unachechemea, huo ni wizi. Mimi niliwakatalia wakaleta lenyewe, nawapa hiyo.

Walichosahau ni kichujio. Gesi hii inakuja na kiasi kidogo cha ile hewa yenye harufu ya yai viza, ambayo inakula jiko na koki taratibu, na dawa yake ni ya bei rahisi mno, unaweka kwenye bomba kichupa chenye nyuzi za chuma zilizoshika kutu, inanasa humo. Hawakuweka. Nilipouliza nikaambiwa hiyo ni ya mitambo mikubwa, na sio kweli.

Haya sasa kwenye kilichonifanya niandike haya yote. Kwenye kipeperushi chao kuna picha ya mti na maneno makubwa LINDA MAZINGIRA PIKA KWA BAYOGESI, na yule wa mauzo aliongea dakika nyingi sana kuhusu mabadiliko ya tabianchi, mpaka baba watoto akawa anaitikia kama yuko kwenye hotuba ya Ijumaa. Yote sawa. Ila hakuna hata mmoja wao aliyesema neno KUVUJA, na kwa bayogesi ukiacha kuvuja hujaongea chochote.

Iko hivi. Kinyesi ukikirundika juani nje kikakauka, hewa inakipitia, methani inayotoka ni kidogo mno. IPCC, wale wanasayansi wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, kwenye mwongozo wao wa 2006 wanakadiria samadi ya ng'ombe mmoja wa maziwa wa Afrika inatoa kama kilo 1 tu ya methani kwa mwaka mzima. Kilo moja! Sasa sisi tunachukua kile kile kinyesi tunakitia shimoni pasipo hewa makusudi kabisa ili kitoe methani nyingi iwezekanavyo, ndo kazi ya mtambo. Piga hesabu na mimi: kilo 15 kwa siku za ng'ombe mmoja, lita 600 za gesi, asilimia 60 ni methani yaani lita 360, uzito wake kama robo kilo kasoro, kwa mwaka unafika kilo 80 na kitu. Kilo 80 zikiungua jikoni hakuna neno, methani ikiwaka inageuka hewa ukaa na mvuke wa maji, na hiyo hewa ukaa ilitoka kwenye majani aliyokula ng'ombe, inarudi kwenye majani. Lakini zikitoroka bila kuwaka, kilo moja ya methani inapasha dunia joto kama kilo 28 hivi za hewa ukaa ukihesabu kwa miaka 100, na ukihesabu kwa miaka 20 tu inapita kilo 80. Kwa hiyo mtambo ukivuja asilimia 2 tu ya gesi yake tayari kwa upande wa samadi umeshalizidi lile rundo la nje. Ukivuja asilimia 10, ambayo kwa ujenzi wa kubabaisha sio ajabu, umelizidi mara nane.

Najua mtaniambia lakini mkaa je. Ndiyo, mkaa, na ndo maana bado nasema jengeni. Tanuri la udongo kule Handeni linakula kilo 5 mpaka 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na zile kuni zinaungua bila hewa ya kutosha chini ya udongo, ule moshi unaoona unatoka pembeni una methani ndani yake, na bado huo mkaa hujauwasha. Hata kuni za mafiga matatu zikifuka moshi ni hivyo hivyo. Watu wakisikia nchi masikini zinatoa methani kwenye nishati yao wanafikiria mabomba na viwanda, kumbe kwetu sehemu kubwa ya moto wa nchi hii uko jikoni na kwenye matanuri ya porini. Mtambo mzuri unaua vyote viwili kwa pamoja, methani ya mkaa na ya samadi. Mtambo mbovu unaua moja unazaa lingine, na wewe hulioni kwa sababu methani yenyewe haina rangi wala harufu, hiyo harufu ya yai unayosikia ni ya mwenzake.

Wangu unavuja wapi? Kwenye shingo. Juu ya kuba kuna mfuniko wa zege, unazibwa kwa udongo wa mfinyanzi, na juu yake yanawekwa maji ili udongo usikauke. Ukiona mapovu kwenye yale maji gesi inatoka, rahisi hivyo. Walivyomaliza waliziba kwa udongo wenye mchanga mchanga, hawakusema kitu kuhusu maji, na kiangazi cha Januari na Februari kikakausha kila kitu. Kijana wa nyumbani alipoyajaza maji yakawa yanachemka kama sufuria ya chai. Nikawapigia, wakasema watakuja Jumatatu. Hawakusema Jumatatu ya mwezi gani.

Mahali pengine pa kuvuja ni maungio ya bomba, hapo unapaka povu la sabuni ya kufulia unaangalia, mtoto wa darasa la tano anaweza. Ila kuba lenyewe likiwa na ufa wa plasta huwezi kuliona tena likishajazwa, na kipimo cha presha hakikusaidii sana kwa sababu gesi mpya inazalishwa inaficha inayotoroka. Kwa hiyo kuba linapimwa KABLA halijaingia kinyesi: linajazwa maji, linapandishwa presha, linaachwa usiku kucha na kipimo cha mpira wa maji kikiwa kimefungwa, asubuhi kama maji ya kwenye kipimo yameshuka wanarudi ndani na plasta. Hilo jaribio waliniambia "tumeshafanya mama, wewe ulikuwa sokoni".

Kitu kingine ambacho hakuna anayekwambia ni habari ya safari. Kuba lina nafasi yake maalumu, gesi ikizidi inasukuma tope, yaani kile kinyesi na maji, kwenda chemba ya kutokea, ikizidi zaidi inatoka yenyewe kwa mapovu kupitia kule kule kwenye tope. Yaani mkienda harusini Pangani siku kadhaa nyumba nzima hampiki, mtambo hauendi likizo, unapumulia nje methani yako yote. Mimi sasa nikisafiri jirani, yule yule wa kanga begani, anakuja kupika kwangu, na kijana anapunguza kulisha mtambo. Ugomvi wa mitiririko nao umeisha, naona tumepatana zaidi kuliko tulipokuwa hatudaiani.

Na tope likitoka lisikae shimoni wazi muda mrefu, bado linatoa gesi kidogo kidogo. Sisi tunalimwaga kwenye majani ya tembo na migomba, na hapo ndo nyota tano za mbolea zilipo, majani yamekuwa mpaka ng'ombe wenyewe wanashangaa. Halina harufu, halileti nzi, mbegu za magugu nyingi zimekufa humo.

Nisisahau hili, ni la kufa na kupona: mtu yeyote asiingie ndani ya mtambo, hata ukiwa mtupu, hata fundi. Humo hamna oksijeni, na ile ya yai viza ikiwa nyingi pua inazimika huisikii tena, unaanguka, anayekufuata kukuokoa naye anaanguka. Usafi wa ndani unafanywa baada ya kupitishiwa hewa ya kutosha na watu wa kazi hiyo.

Shemeji yangu wa mjini, Raskazone huko, anasema shida zote hizi za nini, pika kwa umeme. Sawa, lakini umeme nao haukushuka mbinguni. Sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii kwa miaka mingi umechomwa kwa gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, na gesi asilia ni methani hiyo hiyo karibu tupu, inasafiri bomba refu mpaka Dar, na bomba lolote duniani lina maungio. Sasa hivi maji yamechukua nafasi, bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji ni megawati 2,115 na mashine ya kwanza ilianza kuzalisha Februari 2024, na sisi hapa tuna vituo vya umeme wa maji, Hale toka 1964 na Pangani megawati 68, lakini hata bwawa kubwa la nchi za joto likizamisha miti na majani yanaoza chini kwenye maji na methani inapanda. Sisemi umeme mbaya, shemeji asinielewe vibaya. Nasema kila moto una mahali unapovujia, na wangu angalau naufikia kwa ndoo ya maji ya sabuni.

Na kama kuna mkoa unatakiwa uwe unaongoza kwenye hii kazi ni huu. Ng'ombe wa maziwa tunao, joto tunalo, mkonge tunao. Mkonge! Jani zima la mkonge nyuzi ni asilimia 4 au 5 tu, lililobaki ni maji na makapi yanayomwagwa yanaoza, na yakioza kwenye dimbwi ni methani inayokwenda bure. Pale Hale kampuni ya mkonge ya Katani walijenga mtambo wa kuyageuza hayo makapi kuwa bayogesi na umeme, kilowati 150, ukafunguliwa 2008, na ulitangazwa kuwa wa kwanza duniani wa aina hiyo. Tanga hii hii. Halafu leo mtu wa Pongwe anahangaika kutafuta udongo mzuri wa kuzibia mfuniko. Serikali nayo Mei 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na kila kiongozi anayekuja anagawa mitungi mnapiga picha, sina ugomvi na mitungi, ila mtungi ukiisha unarudi dukani na kinyesi kiko bandani kila asubuhi bila kupanda bei.

Halafu tuseme ukweli, mtambo haumtibu ng'ombe mwenyewe. Methani kubwa ya ng'ombe inatoka mdomoni anapocheua, sio huku nyuma, hiyo hakuna bomba la kuikamata. Yule wa mauzo alisema "ng'ombe wako sasa hachafui hewa", nikamwangalia tu.

Mwenye ng'ombe mmoja asubiri, hatapata gesi ya kutosha kulipa saruji. Mwenye wawili wa bandani na maji karibu ajenge, maana unahitaji maji karibu sawa na kinyesi na kubeba ndoo kutoka kisima cha mbali kutakutoa kwenye mood ndani ya wiki. Wenye ng'ombe wa kuchunga msijisumbue, kinyesi chenu kiko porini.

Na ukiandikishana nao, mkataba uwe na mambo haya yameandikwa, sio ya mdomo: jaribio la maji na presha kabla ya kujaza na wewe uwepo asubuhi ya kusoma kipimo, kichujio cha yai viza, kipimo cha presha kinachobaki jikoni kwako, na fundi kurudi mara moja baada ya kiangazi cha kwanza kuziba shingo upya. Laki tatu za mwisho zikae kwako mpaka arudi. Zangu zimekaa kwangu, na simu za ofisi yao sasa hivi zinapokelewa mlio wa kwanza, wanataka hela, mimi nataka udongo usio na mchanga.

Kama kuna anayemjua fundi upande wa Muheza au Amboni anayeziba shingo vizuri anielekeze, naitaka kazi hiyo iishe kabla ya vuli.